Darasa la dansi limejaa, mfuko mtupu: tatizo nini hapa Unguja?

#1 Bi_Ghorofani
Asalaam aleykum. Nna studio ya dansi Mji Mkongwe, chumba kimoja ghorofa ya kwanza, upande wa Malindi. Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, saa kumi jioni mpaka kumi na mbili, vipindi viwili vya saa moja moja. Wanawake watupu, pazia linashushwa, simu zinakaa kikapuni. Mtu analipa 4,000 kila akija. Kwa kawaida kipindi kina watu kumi na mbili, wengine nawarudisha kwa sababu hapatoshi. Mwalimu anachukua nusu ya kilichoingia. Kodi ya chumba 500,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi sita mbele.

Mwisho wa mwezi sibaki na kitu cha maana. Mume wangu anaiita "baraza la mashoga zako". Mimi nataka iwe biashara kweli: chumba kikubwa, walimu wawili watatu, na watoto pia. Kila ninayemuuliza ana sababu yake. Mmoja ananambia dini, mmoja kodi, mmoja msimu. Nyinyi mnasemaje, mbona studio za dansi hapa kwetu hazivuki chumba kimoja?

#2 KijanaWaJangombe
Sababu umeitaja mwenyewe ukaipita. Watu wa hapa hawataki wake zao wakakatike viuno ghorofani. Funga, uza madera. Na usiogope TRA, hao kazi yao bara, huku ni ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, tu.

#3 Ukht_Fuoni
#2, mleta uzi kasema anarudisha watu mlangoni. Hao wanaorudishwa ni majini wa Pemba?

#4 Mpemba_Asli
Jini wa Pemba hapandi boti akaja kurudishwa mlangoni. Tutafutieni mfano mwengine.

#5 HesabuZangu
Dada, tuache dini kidogo tushike kalamu.

Vipindi sita kwa wiki ni kama 26 kwa mwezi. Kila kipindi watu 12 kwa 4,000, ni 48,000. Mwezi mzima 1,248,000. Mwalimu kachukua 624,000, mwenye nyumba 500,000. Imebaki 124,000, na hapo hujanunua umeme, hujalipa wa kufagia, wala spika haijaharibika. Hiyo ni miezi mizuri ya watu 12. Wakishuka wakawa tisa umekwisha: 936,000 ikigawiwa nusu ni 468,000, haifiki hata kodi.

Kwa hiyo darasa "limejaa", lakini chumba kiko wazi karibu siku nzima. Unakilipia mwezi mzima, unakitumia saa 26. Kila saa ya kucheza inabeba kodi ya 19,200 na ushei. Ukikitumia saa 52, mzigo unashuka hadi 9,600. Saa ya sakafu ni kama samaki wa Darajani, ya leo ikipita tupu kesho huiuzi.

Jambo la pili ni hiyo "kila akija". Mvua ikinyesha haji, mgeni akimjia haji, na hasara ni yako peke yako. Weka ada ya mwezi, vipindi vinane kwa 28,000, ilipwe mwanzoni. Atakayekosa amekosa, chumba chako kimeshalipiwa.

#6 Fundi_Boriti
Hesabu ya #5 nzuri, ila hajauliza chumba chenyewe kina upana gani. Mimi nakarabati nyumba za Mji Mkongwe. Vyumba kule vyembamba kwa sababu dari linashikwa na boriti za mikoko, na boriti ya kawaida inakupa mita mbili na nusu mpaka tatu hivi. Urefu wa chumba utautaka wewe, upana unautaka mti. Kwa dansi maana yake mistari miwili ya watu, basi. Ndiyo hao kumi na mbili wako.

Na usije ukadanganywa ubomoe ukuta wa kati. Huo ndio umebeba boriti za pande zote mbili. Juu ya hivyo Mamlaka ya Hifadhi hawatokupa kibali, mji uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2000. Sakafu yenyewe ni mawe na chokaa juu ya miti. Watu kumi na mbili wakitua kwa pigo moja, wa chini anakula chai yenye vumbi.

Biashara unayoitaka haiko Malindi. Iko Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, nyumba ya matofali na zege, chumba cha mita sita kwa nane. Lakini zege tupu inaua magoti. Piga fremu ya mbao, vipande vya mpira chini yake, plaiwudi juu. Ndipo sakafu inanepa kidogo.

#7 Bi_Ghorofani
#6 umekipima chumba changu bila kuingia. Ni mita tatu kasoro. Na wa chini ameshakuja kulalamika, kweli.
#5 ahsante, sikuwahi kuigawa kodi kwa saa. Ila ada ya mbele? Wanawake wa hapa hawalipi kitu hawajakiona.

#8 Ukht_Fuoni
Hawalipi mbele? Shoga, hebu muulize kila anayecheza mchezo wa kupeana. Wiki hata wiki pesa inatoka, mwengine ndiye wa mwisho kupokea, na hajakosa. Wanalipa mbele kwa mtu wanayemuamini na kwa kuogopa kusemwa. Wafanye kikundi, mmoja wao awe mshika pesa, uone kama kuna atakayechelewa.

#9 BaraBara
Wakuu, mnazunguka sana. Huku Dar kila kona kuna Zumba na zinajaza. Andika ZUMBA kwa herufi kubwa kwenye bango, weka spika kubwa, wiki mbili umejaza. Siyo lazima uite dansi, ita mazoezi ya kupunguza mwili. Hakuna shehe wala mume atakayekataa mke apungue kitambi.

#10 MwanaSheriaNusu
#9 taratibu na hizo herufi kubwa. Zumba ni jina la biashara lenye wenyewe. Lilianzia Cali, Kolombia, miaka ya 1990, kwa mwalimu Alberto Pérez aliyesahau kaseti ya mazoezi nyumbani akapiga salsa na merenge alizokuwa nazo. Leo anayefundisha kwa jina hilo anatakiwa awe amesomea na ana leseni yao, na leseni ni ya mwalimu, si ya ukumbi. Mwalimu wako akihama, jina linahama naye. Andika "mazoezi ya muziki", halina mwenyewe.

Na #2 umepotosha watu kuhusu kodi. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, TRA wanaikusanya Unguja na Pemba kama Tabora. ZRA wana VAT na tozo za ndani. Studio ikikua inaonana na wote wawili. Jina la biashara unasajili BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali, na siku ukiandaa onyesho la watu kuingia kwa tiketi, kibali ni BASFU, baraza la sanaa na filamu. Darasa la ndani na onyesho la hadhara si kitu kimoja, msivichanganye.

#11 KijanaWaJangombe
Haya, nimesomeshwa. Lakini la wake kukatika viuno bado nimelishika.

#12 Somo_Halisi
Mimi nawaona nyote mnatafuta pesa pasipo na pesa. Pesa ya dansi Unguja iko harusini. Bi harusi na wapambe wake siku hizi wanataka waingie ukumbini kwa hatua zilizopangwa, rusharoho kidogo, kihindi kidogo, na nyimbo moja ya Kinaijeria. Wasichana wanane, mazoezi manne, bei ya jumla. Mimi nawatoza 250,000. Hawaniombi nipunguze kwa sababu wameshalipa ukumbi, mapambo, sare na mpiga picha, na mimi ndiye wa mwisho na wanaogopa kuaibika mbele ya upande wa mume.

Harusi mbili za hivyo zimelipa chumba cha huyu bibi. Jitambulishe kwa wenye saluni za maharusi na wapaka hina, wao ndio wanaojua nani anaolewa lini kabla kadi hazijachapwa.

#13 Ukht_Fuoni
#12 wewe somo wa wapi huyo asiyeombwa apunguze? Fuoni kwetu wanakupa nusu, nusu nyingine "tukimaliza shughuli", na shughuli haimalizwi mpaka leo. Halafu hao wasichana wanane hawarudi. Umewafundisha, wamecheza, kwaheri. Kila mwezi unaanza kutafuta upya.

#14 Somo_Halisi
Nusu nyingine unaichukua siku ya mazoezi ya tatu. La nne hulifanyi mpaka imekamilika. Mdogo wangu, jifunze.

#15 PajeKusi
Hilo la kutafuta upya ndilo linalotumaliza sisi wa pwani. Watu wananambia una bahati, watalii wamejaa. Kweli, 2023 waliingia 638,498 Zanzibar nzima. Lakini mtalii yupo siku chache, anataka kipindi kimoja cha jua kuchwa, apige video, aende zake. Analipa vizuri, mimi natoza dola 20 kwa kichwa, lakini hoteli inakata chake na inanilipa baada ya mwezi, na masika ikiingia nusu ya majirani zangu wanafunga. Aprili nafundisha mbu.

Wa kulipa kodi mwaka mzima ni mwenyeji anayerudi kila wiki. Watalii ni pesa ya kununulia spika, usiwategemee kwa kodi.

#16 Mpemba_Asli
#15 mbu wa Paje wanajua kizomba?

#17 PajeKusi
Wanajua kuuma kwa mdundo.

#18 MzeeWaBaraza
Vijana mnaongea dansi kama imeshuka kwa ndege jana. Bibi zenu walikuwa na lelemama, ngoma ya wanawake, vyama kamili, na viongozi wenye vyeo, sare moja, na michango. Chama hiki kikishindana na kile, mji mzima unajua. Mtu hakulipa "kila akija". Alikuwa mwanachama, na akikosa anaulizwa. Kiume kulikuwa na beni, mambo yale yale. Nadi Ikhwan Safaa ya taarabu ina umri wa tangu 1905, na kilichoishikilia ni watu kuona aibu kuacha chama chao. Kwa hiyo #8 yuko karibu na ukweli kuliko #5 na kalamu yake. Bei utaitengeneza utakavyo, kama watu hawana pa kujiita "sisi" watakwenda kwa aliye rahisi zaidi kwa mia tano.

#19 KijanaWaJangombe
Mzee, basi afundishe unyago kwa wazungu. Dola 50 kwa kichwa. Biashara imekwisha.

#20 Somo_Halisi
Astaghfirullah. Unyago hauwekwi bei mlangoni. Kuna mambo ya ndani.

#21 MzeeWaBaraza
Tusemeni vizuri. Marehemu Bi Kidude alipiga ngoma za unyago majukwaani mpaka Ulaya, na 2005 alipewa tuzo ya muziki ya WOMEX. Alikuwa kungwi huyo huyo. Lakini alichopiga jukwaani na alichofundisha wari ndani, yeye alijua mpaka uko wapi. Asiyejua mpaka asiguse. Kama mnataka ngoma ya kuwafundisha wageni iko msewe ya Pemba, iko kibati, hazina siri ya mtu.

#22 Mpemba_Asli
Msewe mje mjifunze kwetu kwanza, na njuga za miguuni mzifunge wenyewe. Kibati ndiyo kabisa, yataka ulimi mwepesi kuliko miguu. Mtu wa mjini hawezi.

#23 Mwalimu_Mguu_Njiani
Naomba niseme upande ambao hapa hausemwi. Mimi ni mwalimu wa dansi, nimesoma chuo cha sanaa TaSUBa Bagamoyo, nafundisha sehemu tatu mjini. Tajiri wangu mmoja ana mpango kama wa mleta uzi, nusu kwa nusu. Unasikika wa ukarimu. Lakini siku wakija watu wanne nimepata 8,000, na nimetoka Mwanakwerekwe kwa daladala mbili, nimetunga hatua usiku, nimechagua nyimbo. Mvua ikinyesha nagawana hasara nusu kwa nusu vilevile.

Ndiyo maana tunakaa studio tatu tatu, na ndiyo maana mwisho mtu anafungua yake. Akifungua, watu wanamfuata. Wamezoea sauti yake ikihesabu. Jina ukutani hawalijui. Studio nyingi hapa hazikufa kwa dini wala kodi, zilikufa Jumatatu moja mwalimu alipoondoka na kundi la WhatsApp.

#24 HesabuZangu
#23 umenisaidia. Basi alipwe kiwango: 15,000 kwa kipindi, waje wanne waje kumi na mbili. Kwa vipindi 26 ni 390,000 badala ya 624,000. Mwenye studio anabakiwa na 234,000 zaidi na mwalimu ana uhakika.

#25 Mwalimu_Mguu_Njiani
Kwa hiyo faida yake ni mimi kupunguziwa 234,000? Ahsante kwa msaada.

#26 HesabuZangu
Weka na ziada: kila kichwa juu ya wanane, mwalimu apate 1,000. Na vipindi vikiwa 52 mwalimu huyo huyo anachukua 780,000 kabla ya ziada. Ndiyo maana nang'ang'ania saa za asubuhi.

#27 Mwalimu_Mguu_Njiani
780,000 kwa kazi mara mbili, na 624,000 kwa kazi ya sasa. Kila kipindi kimeshuka bei kwa 9,000, au mimi ndiye nisiyejua hesabu?

#28 Ukht_Fuoni
Kaka mpatie jawabu, tunasubiri.

#29 HesabuZangu
Imeshuka, sikatai, na ziada inairudisha kidogo tu. Lakini kwa mpango wa sasa mwenye studio hadumu mwaka, na nusu ya sifuri ni sifuri.

#30 Bi_Ghorofani
Mwalimu wangu naye yumo humu anasoma, nishamjua kwa uandishi wake. Hatujagombana, msitugombanishe.

Swali la asubuhi: nani atakuja asubuhi? Na watoto niwaweke wapi? Jioni wako chuoni, kwenye Kurani, mpaka magharibi.

#31 Ukht_Fuoni
Asubuhi saa tatu mpaka tano. Watoto wako skuli, mume kazini, mchele bado haujatelekwa. Mimi mwenyewe ningekuja. Watoto waweke Alhamisi na Ijumaa, chuoni mapumziko.

#32 KijanaWaJangombe
Chuo chetu Jang'ombe Alhamisi kinasoma.

#33 Ukht_Fuoni
Wewe bado uko chuoni? Mashaallah, umefika juzuu gani?

#34 MwanaSheriaNusu
Watoto wana jambo jengine. Mzazi anataka kuona. Studio za watoto penginepo duniani zinapata pesa nyingi siku ya onyesho la mwisho wa muhula: tiketi za mababu na mabibi, nguo za jukwaani, picha. Hapa ukitaka hivyo, wasichana wakubwa utawaonyesha mbele ya nani? Onyesho la wanawake watupu linawezekana, shughuli zetu nyingi ziko hivyo, lakini umeshapunguza nusu ya tiketi. Na hapo narudi kwa #2: dini haizuii watu kuja kucheza, inabadilisha pesa inakoingilia. Sikubaliani na wanaosema haihusiki kabisa.

#35 KijanaWaJangombe
Ewaaa! Hatimaye.

#36 PajeKusi
Na Ramadhani hamjaigusa. Mwezi mzima hakuna muziki, kodi inakwenda. Zamani ilikuwa inaangukia masika au kipupwe, sasa inarudi nyuma kila mwaka siku kumi, kumi na moja, inaingia Februari, ikitoka hapo Januari, kwenye msimu wetu wenyewe wa wageni. 2030 itaingia mara mbili: mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba. Anayeandika mpango wa miaka mitano aiandike. Mimi nagawa kodi ya mwaka kwa miezi kumi na moja, wa kumi na mbili naufuta kabisa.

#37 Somo_Halisi
Shaabani kabla yake na Mfungo Mosi baada yake harusi zinafuatana kama magari ya Darajani. Ukikosa Ramadhani unafidia kwa pande mbili. Nimeshasema, hamnisikii.

#38 BaraBara
Lakini wakuu, mbona DCMA, kile chuo cha muziki pale mjini, imedumu tangu 2002 inafundisha muziki na ngoma? Si uthibitisho kwamba soko lipo?

#39 MzeeWaBaraza
Uthibitisho wa kinyume chake, kijana. Ile ni kazi nzuri sana, lakini ada za wanafunzi hazikuwahi kuibeba, imetegemea wafadhili, na 2019 walisema hadharani kwamba bila msaada watafunga. Mleta uzi anataka faida, hakuomba mfadhili.

#40 BaraBara
Nimekupata mzee. Ila basi hata shule haitakiwi kuitwa biashara iliyoshindwa, nia yake nyingine.

#41 MzeeWaBaraza
Hapo tumekubaliana.

#42 Fundi_Boriti
Turudi kwenye chumba. Dada, kabla hujalipa miezi sita mingine Malindi, tafuta skuli binafsi yenye ukumbi. Jioni na Jumamosi umelala tupu. Kodi kwa saa, hulipi asubuhi usiyoitumia, na upana unao.

#43 HesabuZangu
Ukipata chini ya 15,000 kwa saa chukua. Ikizidi 19,000 umehama bure.

#44 Bi_Ghorofani
Iko moja Mpendae nimezungumza na mwalimu mkuu, ananambia 12,000 kwa saa, lakini vioo siwezi kutundika na kila kipindi nibebe spika yangu. Na mlinzi ni mwanamme.

#45 KijanaWaJangombe
Mlinzi akae getini, mgongo kwa ukumbi. Mimi niko tayari kuomba hiyo kazi.

#46 Ukht_Fuoni
#45 wewe maliza juzuu kwanza.
Dada, kioo cha magurudumu kipo, mafundi wa vioo wanatengeneza, unakifungia stoo ya skuli. Muulize mwalimu mkuu umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, nani ananunua, na vyoo vinafungwa saa ngapi.

#47 Fundi_Boriti
Na sakafu ni ya nini? Kama ni terazo iliyopigwa polishi, wakicheza na soksi watavunjika.

#48 Bi_Ghorofani
Ni terazo. Polishi sijui, kesho nakwenda na ndoo ya maji niimwagie nione.